Stephen Douglas: Seneta aliyetaka utumwa upigiwe kura

Abraham Lincoln anajulikana na kila aliyepita darasani. Aliyembwaga katika kinyang'anyiro cha useneta hatajwi sana, na mimi naona maisha yake yana mengi ya kutufaa sisi watu wa Pwani.

Stephen Arnold Douglas alizaliwa Aprili 1813 huko Brandon, jimbo la Vermont. Babake, daktari, alifariki mtoto akiwa bado mchanga. Kijana alijifunza useremala, akauacha, na mwaka 1833 akaelekea magharibi hadi Illinois, mfukoni hana kitu. Alifundisha shule kidogo, akasoma sheria, na kufikia miaka 27 alikuwa jaji wa mahakama kuu kabisa ya jimbo. Mwaka 1847 akaingia Seneti, na hakutoka hadi kufa kwake. Alikuwa mfupi, futi tano na inchi nne, lakini kichwa kikubwa na sauti nzito. Watu wakampa jina la Jitu Dogo.

Mwaka huo huo alimuoa Martha Martin, binti wa tajiri wa mashamba wa North Carolina. Mkwewe alipofariki, Martha alirithi shamba la pamba Mississippi pamoja na watumwa zaidi ya 100. Douglas akawa msimamizi wake, akichukua sehemu ya mapato. Tuliweke hilo akilini, maana siku zote alijionyesha kama mtu wa kati, asiyeegemea upande wowote.

Wala pamba ya kusini haikuwa mbali nasi. Merikani, ile nguo waliyovaa wazee wetu na iliyokwenda bara na misafara kama fedha, ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Pamba yake ilichumwa na watumwa. Vita vilipozuka 1861 merikani ikaadimika, nguo za Waingereza na za Bara Hindi zikashika soko.

Kosa lake kubwa Douglas alilifanya mwaka 1854. Alitaka reli iende magharibi kutoka Chicago, mji aliokuwa na viwanja vyake, na kwa hilo alihitaji ardhi za Kansas na Nebraska ziwe na serikali. Ili apate kura za wabunge wa kusini alikubali kuyavunja makubaliano ya 1820, yaliyokuwa yamekataza utumwa katika ardhi hizo. Badala yake akaleta hoja kwamba wakaazi wenyewe waamue kwa kura kama wanautaka utumwa ama hawautaki. Kansas ikawaka moto. Watu wa Missouri walivuka mpaka siku ya uchaguzi wakapiga kura isiyokuwa yao (mchezo huo sisi hatuhitaji kufunzwa), kisha bunduki zikafuata.

Lincoln, aliyekuwa ameiweka siasa kando, alirudi uwanjani kwa ajili ya sheria hiyo. Mwaka 1858 wakakabiliana katika miji saba ya Illinois, kuanzia Ottawa mwezi Agosti hadi Alton mwezi Oktoba. Kila mdahalo ulichukua saa tatu, watu wamesimama wakisikiliza. Mjini Freeport, Lincoln alimuuliza: kama Mahakama ya Juu imeamua kwamba Bunge la taifa haliwezi kukataza utumwa katika ardhi hizo mpya, wakaazi wake watawezaje? Douglas akajibu kwamba utumwa hausimami pasipo sheria za mahali za kuulinda, basi wasioutaka wasizitunge tu. Jibu hilo lilimsaidia Illinois. Wakati huo maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo, naye akapata kura 54 kwa 46. Kusini hawakumsamehe.

Hoja yake inasikika tamu, nani atakataa wananchi waamue? Lakini aliyekuwa akiuzwa hakuwa na kura. Na tusimfanye Lincoln walii: mjini Charleston alitamka hadharani kwamba hataki weusi wapige kura wala waoane na weupe. Tofauti ni kwamba yeye aliuita utumwa dhuluma, Douglas akauhesabu kuwa jambo la kila mtaa na mapenzi yake.

Kwetu hapakuwa na midahalo. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 kwa amri ya serikali ya kikoloni, na fidia ikawaendea mabwana, si watumwa. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hadi leo posa hufika mahali mtu akaulizwa asili yake kwa sauti ya chini, na hakuna anayesimama barazani kusema kwamba swali hilo ni dhuluma. Kila nyumba inaachiwa iamue yake.

Mwaka 1860 chama cha Douglas kilipasuka kwa sababu ya utumwa. Aligombea urais akawa wa pili kwa kura za wananchi, lakini akaambulia kura 12 tu za wajumbe, Lincoln 180. Hapo ndipo namuonea heshima: alipoona ameshindwa alikwenda kusini kuwasihi wasijitenge, na vita vilipoanza Aprili 1861 alimuunga mkono Lincoln bila masharti, akizunguka kuwahimiza watu wake.

Alifariki Chicago tarehe 3 Juni 1861 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 48. Wale watumwa wa Mississippi, sasa urithi wa wanawe wawili, walikuwa bado watumwa.