Tukisifiwa tukumbuke sifa zilikotoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niwasimulie wasomaji wenzangu maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye amenifunza jinsi ya kupokea sifa. Habari zake nilizisikia kwanza kwa mkufunzi wetu wa muziki nilipokuwa chuo cha ualimu.

Mtu huyo ni Joseph Haydn, mtunzi wa muziki. Alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, nchini Austria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu, na mama yake alipata kuwa mpishi wa kabaila. Akiwa na umri wa miaka sita hivi alipelekwa mji wa Hainburg kukaa kwa jamaa yao, mwalimu wa shule aliyeitwa Frankh. Huko alijifunza kuimba na kupiga ala, ingawa alipata viboko vingi kuliko chakula. Baadaye aliimba katika kwaya ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, Vienna. Sauti yake ya kitoto ilipokwisha aliondolewa, akabaki hana kazi wala makao. Akajikimu kwa kufundisha muziki na kwa kumtumikia mwalimu mmoja wa uimbaji.

Mwaka 1761 aliajiriwa na ukoo wa Esterházy, makabaila wakubwa wa Hungaria, akawatungia na kuwaongozea muziki kwa karibu miaka 30. Pamoja na kipaji chake chote, alivaa sare na kungoja amri kama mtumishi. Baada ya hapo alikwenda London mara mbili. Huko watu walimshangilia sana, na mwaka 1791 Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Ndugu Mhariri, fundisho liko hapa. Haydn hakujifanya kuwa kazi yake si kitu. Alijua ni nzuri na alifurahi aliposifiwa. Lakini sifa hizo hazikulala kwake. Tungo zake nyingi alizianza kwa kuandika kwamba anaanza kwa jina la Bwana, na akimaliza aliandika kuwa sifa ni za Mungu. Mwaka 1785 alimwambia baba yake Mozart kwamba kijana wake ndiye mtunzi mkubwa kuliko wote aliowajua, na Mozart alikuwa mdogo kwake kwa miaka 24! Hata yule Mwalimu Frankh hakumsahau. Katika wosia wake aliwaachia binti wa mwalimu huyo na mumewe fedha, pamoja na picha ya mwalimu mwenyewe.

Tarehe 27 Machi, 1808, utungo wake mkubwa uitwao Uumbaji uliimbwa Vienna kwa heshima yake. Alikuwa mzee dhaifu, akaingizwa ukumbini amebebwa kitini. Waimbaji walipofika pale Mungu anapoumba mwanga, watu walishindwa kujizuia, wakapiga makofi kwa nguvu. Mzee akainua mikono, akasema kwamba jambo lile halikutoka kwake bali lilitoka juu. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Mei, akafariki.

Sababu ya kuandika haya ni kwamba mimi mwenyewe nilikosea. Mwaka jana darasa la saba letu lilifaulu vizuri. Katika mkutano wa wazazi nikasimamishwa, nikapigiwa makofi. Nikashukuru, nikaeleza nilivyojitahidi, nikakaa. Nyuma yangu alikuwapo mama mmoja, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye ndiye aliyewafundisha watoto wale wale kusoma na kuandika. Hakuna aliyemtaja, wala mimi sikumtaja. Naye alikuwa akipiga makofi pamoja na wengine. Mwaka huu amestaafu. Siku ya kumuaga nilisimama nikasema ukweli mbele ya wazazi, lakini nilijua nimechelewa.

Wapo Wakristo wenzangu ambao wakisifiwa hukana na kusema wao si kitu, huku wakingoja kusifiwa mara ya pili. Huo si unyenyekevu, ni kuomba sifa kwa mlango wa nyuma. Na wapo wanaochukua sifa zote kama nilivyofanya mimi. Nawaomba walimu, wanakwaya, viongozi na watumishi wote tumwige mzee yule. Tukisifiwa tuseme ahsante, tuwataje waliotufikisha hapo wangali wanasikia, na tumshukuru Mungu aliyetupa uwezo. Sifa ikigawanywa haipungui.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.