Robert Koch: Daktari aliyefichua kifua kikuu, akajifunza ‘mbu’ Usambara

Kabla ya Corona kuifanya dunia nzima izungumzie vipimo, dawa na chanjo, kuna daktari mmoja Mjerumani aliyeishi maisha yake yote ndani ya mambo hayo. Alipatia mengi, na akakosea vibaya pia. Sehemu ya safari yake ilipita hapa hapa Tanga, kwenye milima inayoonekana ukiwa Korogwe.

Anaitwa Robert Koch. Kama umewahi kupimwa TB, umeguswa na kazi yake.

Mtoto wa mgodini

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi na nyumba ilijaa watoto, 13 kwa jumla. Alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866.

Hakuanzia maabara kubwa. Alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland. Mchana alitibu wagonjwa, usiku alikaa na hadubini nyumbani kwake. Mwaka 1876 akaonyesha kwamba kimeta, ugonjwa uliokuwa ukimaliza mifugo, unaletwa na kijidudu maalumu.

Siku hizi hilo linaonekana jambo dogo. Wakati ule wataalamu wengi bado waliamini magonjwa hutokana na hewa chafu.

Machi 24, 1882, akiwa Berlin, akatoa habari kubwa zaidi: amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi sana Ulaya ukawa na chanzo kinachoonekana kwa macho. Tangu hapo, makohozi ya mgonjwa chini ya hadubini yakawa kipimo.

Dawa iliyogeuka aibu

Umaarufu nao una presha yake. Mwaka 1890 Koch alitangaza amepata kitu cha kutibu kifua kikuu, kilichokuja kuitwa tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila kona.

Tatizo ni kwamba hakusema imetengenezwa na nini. Baadaye ikajulikana ni majimaji yaliyotokana na vijidudu vyenyewe vya TB, yaliyochanganywa na gliserini. Haikuponya. Baadhi ya wagonjwa walizidiwa na wengine wakafa. Jina lake likachafuka.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Madaktari waligundua kwamba tuberkulini ikidungwa kwenye ngozi ya mtu aliyeambukizwa TB, ngozi huvimba. Dawa iliyofeli ikawa kipimo, na kipimo hicho cha ngozi kinatumika hadi leo.

Neno moja, maana mbili

Mwaka 1897 Koch alitua Dar es Salaam akitokea India, alikokuwa akichunguza tauni. Katika safari hiyo alifanya kazi ya malaria na magonjwa ya mifugo, kisha akapanda milima ya Usambara Magharibi. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Muheza tu. Korogwe iliifikia mwaka 1902.

Swali lake lilikuwa hili: kwa nini watu wa milimani hawaugui homa, lakini wakishuka tambarare wanarudi wanatetemeka?

Wenyeji walikuwa na jibu tayari. Walisema kule chini kuna wadudu wanaouma, na ukiumwa nao unaugua. Mdudu na ugonjwa wote waliuita kwa jina moja: mbu.

Yaani wakati wanasayansi wa Ulaya bado wanabishana kama mbu anahusika na malaria, watu wa Usambara walishaliweka jibu kwenye lugha yao. Koch alilisikia, akalichukulia kwa uzito na kuliripoti aliporudi Berlin mwaka 1898. Ndani ya miaka michache, kazi ya Ronald Ross kule India na ya watafiti wa Italia ikathibitisha kwamba mbu ndiye msambazaji.

Waliomweleza Koch habari hiyo hawakupata tuzo wala kuandikwa vitabuni. Jina lililobaki ni lake.

Papasi wa barabara ya misafara

Mwaka 1905 alikuwa Tanganyika tena, wakati huo ikiitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Safari hii alikuwa akiwinda homa ya kurudia rudia iliyowasumbua wasafiri.

Akafuata njia ya misafara ya kwenda Iringa, akichimbua udongo kwenye vibanda walikolala wapagazi. Humo akakuta papasi wenye vijidudu vya homa hiyo, na akaonyesha kwamba papasi jike huvirithisha hadi kwenye mayai yake. Mwaka huo huo watafiti wengine waliokuwa Kongo walifikia jibu la papasi kivyao. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, aliuawa na homa hiyo hiyo.

Koch alifanya kazi pia Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 juu ya milima ya Usambara Mashariki. Desemba 1905 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Visiwa vya Ssese: Hapa ndipo penye maumivu

Mwaka 1906 alirudi tena, akianzia Amani kabla ya kuelekea Ziwa Victoria. Malale, ugonjwa unaosambazwa na mbung'o, ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000 Uganda. Akaweka kambi visiwa vya Ssese.

Wagonjwa walifika kwa mamia kwa sababu hawakuwa na tumaini lingine. Alipima kwa kuchukua majimaji kwenye tezi za shingo na kuyatazama kwenye hadubini. Alitibu kwa sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki ndani yake.

Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza dozi, na hapo balaa likaanza: watu 22 wakapofuka moja kwa moja.

Aliacha dozi kubwa, lakini hakuacha dawa. Pia alipendekeza wagonjwa watengwe kwenye makambi. Hakukuwa na fomu ya ridhaa, wala kamati ya kuuliza maswali. Mgonjwa wa koloni alikuwa na hiari ndogo sana mbele ya daktari wa serikali.

Alichoacha

Koch alifariki Mei 27, 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66.

Miaka minane baadaye ikaja homa ya mafua ya 1918. Madaktari walitafuta kijidudu ambacho Richard Pfeiffer, mwanafunzi wa Koch, alikitaja mwaka 1892 kuwa ndicho chanzo cha mafua. Kwa wagonjwa wengi hawakukiona. Chanzo halisi kilikuwa kirusi, kidogo mno kwa hadubini za wakati ule, na cha binadamu kilipatikana mwaka 1933. Hata njia nzuri ina mwisho wake.

Corona ilipoingia mwaka 2020, taasisi ya Berlin yenye jina la Koch ndiyo iliyokuwa ikitoa takwimu za Ujerumani kila siku. Na maswali yalikuwa yale yale ya 1890: dawa hii imethibitishwa? Ina nini ndani? Nani amekubali kujaribiwa?

Korogwe nayo ina jibu lake. Mji huo ulikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki kwa jumla, na safari hii wazazi waliombwa ridhaa kwanza. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Kwa mzazi wa Korogwe au jirani yake wa Handeni, malaria si historia. Ni homa ya mtoto usiku wa manane. Tofauti ni kwamba sasa mtafiti akija na sindano, mzazi ana haki ya kuuliza kwanza, na ana haki ya kukataa. Wale wa Ssese hawakuwa nayo.