Ahmad ibn Majid: mwalimu wa baharini aliyepima nyota kwa vidole

Usiku usio na mbalamwezi, nyota huonekana vizuri sana Manchira. Wanaokaa nje na marafiki kuzitazama hawahitaji darubini ili kuzipima. Zaidi ya miaka 500 iliyopita, Ahmad ibn Majid alizipima kwa vidole, na vyombo vikavuka Bahari ya Hindi.

Alizaliwa karne ya 15 huko Julfar, ambako leo ni Ras al-Khaimah, Falme za Kiarabu. Babu na baba yake waliongoza vyombo baharini, naye akashika kazi hiyo. Aliandika mengi kwa mashairi, ili mabaharia wayakariri. Shairi lake moja linaeleza njia ya pwani yetu hadi Sofala, Msumbiji ya leo. Kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari alikimaliza mwaka 1490 hivi.

Alipimaje? Mabaharia waliugawa mzunguko wa anga katika vidole 224. Walihesabu ni vidole vingapi kutoka upeo wa bahari hadi kwenye nyota. Baadhi walitumia kibao chenye kamba ya mafundo. Kila bandari ilikuwa na kimo chake cha nyota. Nahodha alisafiri hadi nyota ifike kimo hicho, kisha akaelekea mashariki au magharibi bila kukibadilisha. Kusini ya ikweta, Nyota ya Kaskazini huzama. Ndiyo maana hata sisi wa Mara hatuioni. Huku walitegemea nyota nyingine.

Jina lake limebeba lawama nzito. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Miaka saba baadaye, Wareno waliteka na kupora Kilwa na Mombasa. Lakini anayemtaja kwa jina ni mwandishi wa Kiarabu aliyeandika miongo kadhaa baadaye. Waandishi wa Kireno wanasema mwongozaji alikuwa Mwislamu wa Gujarat, India, na jina walilomwita linaanza na Malemo, yaani mwalimu. Hicho kilikuwa cheo cha kila mwongozaji wa chombo. Wanahistoria wengi leo hawakubali kwamba alikuwa Ibn Majid. Tunaona si haki kuendelea kumhukumu kwa ushahidi huo.

Kipimo chake bado kinafaa. Siku ikitokea nyota yenye mkia, nyosha mkono, hesabu vidole kati yake na nyota iliyo jirani, kisha andika kwenye simu. Rudia usiku unaofuata, saa ileile. Nyota za kawaida hazibadilishi nafasi kati yao, lakini yenye mkia husogea siku hadi siku. Kimondo ni kitu kingine: hukatiza anga kwa sekunde chache na kutoweka.