Mwalimu Nyerere, mtoto aliyechelewa kuanza masomo

Hapa Kiwanja tuna watoto wengi ambao umri wao haulingani na darasa lao. Vita imefunga shule mara nyingi, jamaa zimekimbia na kurudi, na mtoto wa miaka 12 anajikuta darasa la pili, magoti yakigusa meza. Wazazi wengine wanaona haya. Wanasema wakati wake umepita, afadhali ashike jembe. Kwa sababu hiyo leo tunakumbuka maisha ya Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania. Yeye naye aliingia shule akiwa na miaka 12.

Alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki na mwenye wake wengi. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wao. Kambarage alikua akichunga mbuzi, kama watoto wengine wa kijiji. Mwaka 1934 ndipo alipopelekwa shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka kwao. Alilala huko huko shuleni.

Alikuwa amechelewa, lakini alishika masomo upesi. Haikupita miezi mingi walimu wakaona kwamba darasa alilokuwamo halimtoshi, wakamrusha darasa moja. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu. Mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora, mahali ambapo wavulana wachache sana wa Tanganyika walipata nafasi.

Tuangalie jambo hili vizuri. Akili aliipewa na Mungu, lakini mlango ulifunguliwa na watu. Baba alikubali kumwachilia, na walimu hawakuhesabu umri wake tu, walipima kazi yake. Kumbukeni mzee Eli: kijana Samueli alisikia sauti usiku, lakini Eli ndiye aliyetambua ni sauti ya nani.

Baada ya Tabora alikwenda Makerere, Uganda, mwaka 1943, kusomea ualimu. Mwisho wa mwaka ule alibatizwa katika Kanisa Katoliki. Hakuwa wa dhehebu letu, lakini hilo halituzuii kujifunza kwake. Alifundisha Tabora, kisha akasoma Edinburgh, Uskoti, kuanzia 1949 hadi 1952. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, mpaka 1955, alipoacha kazi ili aongoze chama cha TANU. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Hata alipokuwa rais, watu waliendelea kumwita Mwalimu.

Aliyetangulizwa mbele hakusahau waliobaki nyuma. Mwaka 1974, katika mji ule ule wa Musoma alikoanzia masomo, chama chake kiliamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi. Hatusemi hakukosea. Kuwahamisha watu kwa nguvu katika vijiji vya ujamaa kuliwaumiza wengi. Lakini mwaka 1985 aliacha madaraka kwa hiari na kurudi Butiama kulima. Miaka yake ya mwisho aliwapatanisha jirani zetu Warundi, kazi aliyokuwa nayo mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Sasa turudi kwetu. Nchini Kongo kuna vituo vya kurudisha masomo, ambako miaka sita ya shule ya msingi inasomwa kwa mitatu. Mtoto aliyepotewa na miaka kwa sababu ya vita anaweza kupitia huko. Naye mwenye akili nyepesi aliye katika shule ya kawaida, tusimfunge kwa sababu ya umri, wala tusimrushe kwa ajili ya sifa ya wazazi. Apimwe kwanza: anasoma vizuri? Anajua hesabu za darasa analoacha? Ataweza kukaa na wakubwa bila kuonewa? Nyumba inayojengwa haraka bila msingi, mvua ya kwanza inaiangusha.

Wazazi, msione haya kumpeleka shule mtoto mkubwa. Walimu, mkimwona mmoja anayemaliza kazi kabla ya wenzake, zungumzeni na mkuu wa shule na wazazi wake. Wazee wa kanisa, tujue majina ya watoto wa ushirika wetu ambao hawasomi, na tuulize kwa nini. Mchungaji wa mbuzi wa Butiama alianza na miaka 12, na bado hakuwa amechelewa kwa kazi ambayo Mungu alimwekea.

Bwana awabariki.