Tom Mboya: aliyetafuta nauli ya vijana kwenda ng'ambo

Na Mwandishi Wetu, Kabazana

Mfanyabiashara anayefika Kabazana akitokea Mbarara husikia lugha nyingi kabla hajamaliza kuteremsha mzigo. Kabazana iko ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na katika makazi hayo wanaishi watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Sokoni, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wa Bukavu na wa Bujumbura. Mwenye gari wa Mbarara naye hujifunza cha kutosha kupatana bei.

Vijana wa hapa wana mazungumzo yao zaidi ya bei. Huulizana habari za vyuo vya Ulaya, Kanada na Marekani, nani anatoa ufadhili, na maombi yanafungwa lini. Yuko anayepata nafasi chuoni kisha akakwama kwa sababu hana nauli, au hana hati ya kusafiria.

Jambo hilo si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1959 vijana wengi wa Kenya walikuwa na barua za kukubaliwa vyuoni Marekani na hawakuwa na namna ya kuvuka bahari. Aliyewatafutia ndege alikuwa mwanasiasa wa Nairobi aliyekuwa na umri wa miaka 29. Wengi wamesema mengi kuhusu urafiki wa vijana wa mabara mbalimbali. Tom Mboya alianza na hesabu ya nauli, na ndiyo maana maisha yake yanafaa kusimuliwa mbele ya watu wa biashara.

Mtoto wa shamba la mkonge

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, aliyehamia huko kufanya kazi katika shamba la mkonge la mzungu. Kwa hiyo mtoto alikulia mbali na kwao, kati ya watu wa makabila mbalimbali, akajua Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo cha nyumbani. Baadaye, alipokuwa akihutubia wafanyakazi wa Nairobi, lugha hizo zilimsaidia kuliko cheti chochote.

Alisoma katika shule za wamisionari wa Kikatoliki, Kabaa, Yala, na mwisho Mangu. Hakuendelea. Mshahara wa baba haukutosha karo, na wadogo zake nao walikuwa wanangoja zamu. Akachagua mafunzo ambayo serikali iliyagharimia, akawa bwana afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi.

Kazini aliona bwana afya Mwafrika akilipwa kidogo kuliko mzungu wa kazi ile ile. Akaanza kuwaunganisha wenzake, na kufikia mwaka 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku na Jomo Kenyatta alikuwa kizuizini, kwa hiyo vyama vya wafanyakazi vilibaki karibu peke yao kama mahali pa Mwafrika kusema. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alikwenda kuwasemea mezani, na wakapata nyongeza ya mshahara. Alikuwa na miaka 24.

Kutoka Oxford hadi Accra

Mwaka huo huo alipata ufadhili wa kusoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford. Mwaka 1956, kabla ya kurejea nyumbani, alizuru Marekani. Huko alikutana na kijana mfanyabiashara, William Scheinman, aliyekuwa akiuza vipuri vya ndege. Urafiki huo ndio uliozaa safari za baadaye. Kwa kuanzia, Scheinman alilipia nauli za wanafunzi wachache kutoka mfukoni mwake.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao 8 katika Baraza la Kutunga Sheria. Mboya alishinda kiti cha Nairobi. Desemba 1958 alikwenda Accra, Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika nzima ulioitishwa chini ya Kwame Nkrumah, na akachaguliwa kuuongoza akiwa na miaka 28. Ukumbini alikuwamo pia Patrice Lumumba wa Kongo, aliyekuwa bado hajajulikana sana nje ya nchi yake.

Mwaka huo wa 1958 una alama mbili nchini Uganda. Kampala kilifunguliwa chuo cha kuwafundisha viongozi vijana wa vyama vya wafanyakazi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, chini ya shirikisho la kimataifa ambalo Mboya alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Na Nakivale palifunguliwa makazi haya, ambayo muda si mrefu yalianza kupokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Wakati kijana mmoja alipokuwa akitafutiwa ndege ya kwenda kusoma, mwingine alivuka mpaka kwa miguu asijue atarudi lini.

Nafasi zipo, nauli hakuna

Wakati huo Afrika Mashariki nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja, Makerere. Kilichukua wachache. Nafasi za Uingereza zilikuwa chache zaidi na zilipitia mikononi mwa serikali ya kikoloni. Mboya aliona uhuru unakaribia na hakuona watakaoshika ofisi. Marekani kulikuwa na mamia ya vyuo, vikubwa na vidogo, na vingine vilikuwa tayari kupokea Waafrika na kuwasamehe karo. Kwa hiyo nafasi zilipatikana, lakini tiketi ya ndege ilikuwa zaidi ya uwezo wa familia ya kawaida.

Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani kwa wiki kadhaa, akizungumza vyuoni, makanisani na kwenye vyama vya wafanyakazi. Yeye na Scheinman walifanya jambo ambalo kila anayesafirisha bidhaa analielewa. Badala ya kununua tiketi moja moja, walikodi ndege nzima, na gharama kwa kila kichwa ikashuka. Anayechanga na wenzake kukodi lori moja kutoka Mbarara hadi mpakani anapiga hesabu ile ile.

Fedha zilitoka pande mbili. Huko Marekani ulianzishwa mfuko wa wanafunzi wa Kiafrika, na waliotia sahihi zao kuuombea michango ni pamoja na mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, wote Wamarekani weusi ambao nao walikuwa wakidai haki zao. Kenya, Mboya pamoja na Dakta Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri walichambua majina ya waombaji, huku vijiji vikifanya michango kumpatia kijana wao pesa za matumizi. Watu waliuza mifugo na mavuno. Aliyepanda ndege alijua amebebwa na watu wengi.

Serikali ya kikoloni haikufurahi. Ilisema vyuo vingi vya Marekani ni vya hadhi ya chini na vijana wengine hawakufuzu vya kutosha. Hata hivyo, Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Msaada wenye siasa ndani

Mwaka uliofuata waliotaka kwenda walikuwa wengi zaidi, na hawakuwa wa Kenya peke yake. Uganda, Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini zilikuwa na vijana wao katika orodha. Mfuko haukuwa na fedha za kutosha, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilipoombwa ilikataa.

Julai 1960 Mboya alikwenda kumwona Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais. Mfuko wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Habari zilipowafikia watu wa mpinzani wake, Richard Nixon, wizara ile ile iliyokataa ikajitokeza na ahadi ya fedha. Nauli za vijana wa Kiafrika zikawa hoja ya kampeni. Mwishowe fedha za Kennedy ndizo zilizochukuliwa, na Septemba 1960 zaidi ya wanafunzi 200 walisafiri.

Miongoni mwao alikuwa msichana wa Nyeri aliyekwenda kusoma biolojia katika chuo kidogo cha Kansas. Huyo ni Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel. Pamela Odede, aliyekuja kuolewa na Mboya mwaka 1962, naye alisoma Marekani katika miaka hiyo. Kufikia 1963 waliosafirishwa walikuwa karibu 800, na waliorejea walijaza wizara, vyuo na mashirika ya nchi changa.

Lakini urafiki huo ulikuwa na bei. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto. Wakati Mboya akipeleka vijana Marekani, Jaramogi Oginga Odinga alitafuta nafasi kwa wengine Urusi, China na Ulaya Mashariki. Kila kundi lilirudi na cheti chake na marafiki zake, na waliosoma upande wa mashariki mara nyingi walitazamwa kwa shaka na serikali. Mboya mwenyewe alishutumiwa kwamba amekuwa mtu wa Wamarekani na kwamba fedha zao zimemfunga. Yeye alishikilia kuwa Kenya haina budi kusoma kokote inakoweza. Shutuma hizo hazikumwacha hadi mwisho.

Jumamosi ya Julai

Kenya ilipokuwa huru, Mboya alikuwa waziri, na kuanzia mwishoni mwa 1964 alishika mipango ya uchumi na maendeleo. Alikuwa katika wadhifa huo tarehe 6 Juni 1967, Kenya, Uganda na Tanzania zilipotia sahihi mjini Kampala mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 aliingia duka la dawa katika barabara ya Government, Nairobi, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alipotoka alipigwa risasi. Alikuwa hajafikisha miaka 39. Nahashon Njenga Njoroge alipatikana na hatia na kunyongwa mwaka huo huo, lakini wengi hawakuamini kwamba alitenda peke yake. Mboya alizikwa Rusinga, na kifo chake kiliacha ufa kati ya jamii za Kenya ambao siasa za nchi hiyo bado zinaukumbuka. Jumuiya nayo ilivunjika mwaka 1977, na mkataba wa kuifufua ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999.

Hesabu ya Kabazana

Leo kijana wa Nakivale ana njia ambazo wa 1959 hakuwa nazo. Kuna ufadhili wa DAFI, ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi limeutoa tangu 1992 kwa msaada wa Ujerumani. Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Kuna simu inayomwezesha kuzungumza na mwanafunzi wa Berlin au Toronto usiku huu huu.

Hata hivyo, pengo alilolikuta Mboya halijazibwa. Ada ya fomu, nauli ya kwenda kufanya usaili na gharama ya hati ni vitu vidogo vinavyomzuia kijana aliyekwisha kufuzu. Mfadhili wa mbali hulipa karo na mara nyingi husahau hayo. Wazazi wa Kenya wa 1959 hawakusahau. Waliuza mbuzi, wakaandika majina ya waliochanga, wakajua mtoto anarudi kwa nani.

Wafanyabiashara wanaopita Kabazana na Mbarara wana vyama vyao vya kuchangiana mtaji na kukodi magari. Daftari hilo hilo linaweza kuwa na ukurasa mmoja wa nauli ya mwanafunzi.