Maisha ya Sayyid Barghash bin Said, na Mpaka Aliokatiwa

Mtu wa pwani aliyehamia Kisii kwa biashara au kwa kazi hudhani ameziacha nyuma habari za masultani wa Unguja. Hapa hapana ngome wala nyumba ya liwali. Pana migomba, chai na mvua. Walakini milima hii ya Kisii na Nyamira iliingizwa katika fungu la Waingereza kwa mkataba ule ule uliompunguzia Sultani wa Unguja nchi yake, katika mwaka 1886. Kwa hivyo maisha ya Sayyid Barghash bin Said yanatuhusu sisi tulioko huku kama yanavyowahusu ndugu zetu walioko Mombasa na Lamu. Tumeona vema kuyaeleza kwa mukhtasari, yapate kuwa mazingatio.

Ujana wake

Sayyid Barghash alikuwa mmoja katika wana wa Sayyid Said bin Sultan, aliyeihamishia enzi yake Unguja kutoka Maskati. Alizaliwa kiasi cha mwaka 1837, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mwezi wa Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini, akitoka Maskati kuja Unguja, na Barghash alikuwa naye chomboni. Walipowasili, kijana huyu alijaribu kuitwaa enzi kabla ndugu yake Majid hajatanabahi, lakini hakufaulu, na Majid akatawala.

Katika mwaka 1859 alijaribu mara ya pili. Safari hii aliungwa mkono na wakubwa wa kabila la Harthi, na baadhi ya ndugu zake, akiwamo dada yake Salme aliyekuwa akiwaandikia barua zao. Sayyid Majid hakuweza kuizima fitina kwa nguvu zake mwenyewe. Aliwaita Waingereza, na askari wa manowari zao ndio walioimaliza. Barghash alipelekwa Bombay, akakaa huko muda wa miaka miwili.

Msomaji na azingatie jambo hili. Ndugu wawili waligombana, na aliyekata neno baina yao akawa mgeni. Haukupita muda ila Majid akagombana na ndugu yake mwingine, Thuwaini wa Oman, na shauri lao likapelekwa kwa Mtawala Mkuu wa Kiingereza wa Bara Hindi. Mwaka 1861 huyo alihukumu kuwa Unguja na Oman ziwe dola mbili, na Unguja iipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Aliyehukumu kwa haki au kwa faida yake, huyo ndiye aliyekuwa kadhi, na mwenye kumkubali kadhi huwa amekwisha kukubali hukumu zake zijazo.

Enzi yake

Sayyid Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akarithi. Alitamani kuutoa mkono wa balozi wa Kiingereza katika mambo ya nchi, lakini misiba ilimwandama. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, kikaizamisha merikebu yake na kuing'oa mikarafuu iliyokuwa utajiri wa kisiwa. Mwaka wa pili wake Waingereza walimtaka akomeshe biashara ya watumwa. Alikataa, akaambiwa manowari zitaizingira bandari. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi, na soko la watumwa likafungwa.

Hapa yafaa tuseme kweli, hata ikiwa chungu. Biashara ile ilikuwa dhulma. Watu wa bara walichukuliwa makwao kwa nguvu, wakafa njiani, na waliosalia wakalimishwa mashamba ya karafuu na nafaka. Lau sisi wenyewe tungaliifunga mlango dhulma hii mapema, mgeni asingalipata mlango huo wa kuingilia. Sayyid Barghash aliutimiza mkataba, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu pia. Lakini yale aliyoyafanya yalihesabiwa kuwa ni amri ya balozi John Kirk, si hukumu ya Sultani.

Wala hakuwa mtu wa kulala. Mwaka 1875 alikwenda London, akaona mambo ya Ulaya kwa macho yake. Aliuletea mji maji safi kwa mifereji kutoka chemchemi, na watu wakaacha kunywa maji ya visima vichafu. Alijenga Beit al Ajaib mwaka 1883. Alileta mtambo wa kupigia chapa, na vitabu vikubwa vya fikihi ya Kiibadhi vikachapishwa Unguja, wakati ambapo miji mingi ya Waislamu katika Afrika ilikuwa haijapata chombo hicho. Kwa hayo ameacha sifa njema, na haifai kumnyima.

Namna dola ilivyotawaliwa

Ila msingi wa dola ulikuwa dhaifu. Katika kila mji wa pwani alikuwako liwali, na kadhi, na askari wachache. Forodha, ambayo ndiyo hazina yenyewe, ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, na Sultani alipokea fedha kwa mkono wao. Jeshi lake jipya, lililoanzishwa mwaka 1877, liliongozwa na Mwingereza, Lloyd Mathews. Na bara, isipokuwa vituo vichache kama Tabora alikowekwa wakili, hapakuwa na liwali wala kadhi wala daftari. Palikuwa na misafara, na bendera nyekundu, na jina la Sultani midomoni mwa wafanyabiashara. Jina husafiri mbali, lakini halitawali.

Udhaifu huo ulidhihirika upesi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya karatasi zenye alama za wakubwa wa huko. Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani alizipa karatasi zile himaya yake. Sayyid Barghash alipeleka simu kuzikanusha. Jawabu lake lilikuwa manowari tano, zilizotia nanga mbele ya jumba lake mwezi wa Agosti. Alitazamia Waingereza watamsaidia, kwa kuwa alikuwa amewafuata kwa miaka mingi. Wakamshauri akubali.

Mpaka

Kisha iliundwa tume ya kupima nchi ya Sultani ni ipi. Wajumbe wake walikuwa Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwenye nchi hakuwa na mjumbe. Walipita pwani wakiuliza katika kila mji: askari wako wapi, liwali yuko wapi, kodi hutolewa kwa nani? Palipokosekana jawabu pakahesabiwa si pake. Mwisho wa Oktoba 1886 Uingereza na Ujerumani ziliafikiana: Sultani ana visiwa vyake, na ukanda wa maili 10 tangu ghuba ya Tungi mpaka Kipini, na miji michache ya Banadiri. Kilichobaki nyuma ya ukanda walikigawana. Mstari ulitoka mto Umba, karibu na Vanga, ukauzunguka mlima wa Kilimanjaro, ukafika Ziwa la Viktoria katika digrii 1 kusini ya ikweta. Mwezi wa Desemba Sayyid Barghash akakubali.

Nchi ya Wagusii iko kaskazini kidogo ya mahali mstari ule unapoligusa ziwa. Hivyo Kisii na Nyamira zikawa za Waingereza katika karatasi, na wazee wa koo za huku, waliokuwa wakihukumu mambo yao wenyewe, hawakuwa na habari. Sultani alishurutishwa kusema ndiyo. Wao hawakuulizwa hata hilo. Mwaka 1905 walitumiwa askari, na mwaka 1907, miaka 21 baada ya mstari kuchorwa, kikawekwa kituo cha serikali hapa Kisii. Mwanzo wa mwaka 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki ofisa Northcote, na malipo yake yakawa kuchomwa nyumba na kutwaliwa ng'ombe wa watu wengi.

Mwisho wake

Mwezi wa Mei 1887 Sayyid Barghash aliikodisha pwani yake, tangu Umba mpaka Kipini, kwa kampuni ya William Mackinnon kwa muda wa miaka 50. Alikuwa mgonjwa na amechoka. Alisafiri kutafuta afya, akarudi, na mwezi wa Machi 1888 akafariki, umri wake ukiwa yapata miaka 51. Allah amrehemu.

Miaka miwili baadaye Unguja yenyewe ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1895 kampuni ilishindwa, na serikali ya Kiingereza ikaichukua pwani kwa paundi 17,000 kwa mwaka, ndani yake 11,000 zikiwa kodi. Liwali, mudiri na kadhi walibaki pwani, na bendera nyekundu ikaendelea kupepea, lakini neno la mwisho lilikuwa la ofisa wa Kiingereza. Oktoba 1963 Sultani aliuacha ukanda ule kwa Kenya, na katika maafikiano ya mwezi huo ikaahidiwa kuwa mahakama za kadhi zitabaki.

Mazingatio

Wako wanaosema Sayyid Barghash aliiuza nchi. Maneno haya si ya insafu. Alijenga, alisafiri, alikanusha, alingoja msaada. Lakini hazina yake ilikuwa katika mikono ya wengine, na jeshi lake, na ulinzi wake. Na watu wa bara aliodai kuwatawala hawakuwa wamepata kwake hukumu wala elimu hata wasimame upande wake. Siku alipoulizwa ushahidi, alikuwa na jina tu.

Nasi tulioko Kisii tujiulize swali lile lile la tume, kabla hajatuuliza mgeni: madrasa yetu iko wapi, daftari la wakfu wetu liko kwa nani, na jirani yetu Mgusii amepata wema gani kutoka kwetu? Jawabu lake lisiwe jina la mababu.