Charles Darwin na Nyungunyungu

Bila shaka umepata kumwona nyungunyungu akitambaa ardhini baada ya mvua. Hana macho wala miguu, na watu wengi humdharau. Sasa utasoma habari za mtaalamu ambaye hakumdharau.

Charles Darwin alizaliwa Uingereza mwaka 1809. Alipokuwa kijana alisafiri kwa meli kuizunguka dunia, toka mwaka 1831 mpaka 1836, akichunguza mimea, wanyama na mawe. Aliporudi, mjomba wake alimwonyesha shamba ambalo zamani lilimwagiwa chokaa. Chokaa hiyo haikuonekana tena, kwani ilikuwa imefunikwa na udongo. Darwin alifikiri kwamba udongo huo uliletwa juu na nyungunyungu. Mwaka 1837 aliwaeleza wataalamu wenzake mjini London wazo hilo. Lakini mwaka 1869 mtu mmoja alilipinga. Je, kiumbe mdogo na dhaifu aweza kufanya kazi kubwa hivyo?

Darwin alikuwa amekwisha anza jaribio. Mwaka 1842 alitawanya vipande vya chokaa katika shamba karibu na nyumba yake, akangoja. Mwaka 1871, baada ya miaka 29, mtaro ulichimbwa hapo. Vipande vile vilikutwa chini, kiasi cha sentimita 18 kutoka juu.

Nyumbani aliwafuga nyungunyungu katika vyungu vya udongo. Aliwapa kabichi, karoti na vitunguu ili ajue wapendacho. Walipopigiwa filimbi na zumari hawakushtuka, maana hawasikii. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya kinanda na kinanda kikapigwa, waliingia mashimoni upesi, kwa sababu walihisi mtikisiko.

Mwaka 1881 Darwin alichapisha kitabu juu ya nyungunyungu. Alifariki mwaka 1882.

Leo twajua kwamba mabaki ya mimea yapitapo tumboni mwa nyungunyungu hutoka yakiwa mboji yenye rutuba. Ndiyo sababu watu hufuga nyungunyungu ili wageuze mabaki ya jikoni kuwa mbolea.

Kazi ya kufanya

1. Toboa matundu madogo chini ya debe. Tia majani makavu yaliyoloweshwa na udongo kidogo.
2. Tafuta nyungunyungu katika lundo la samadi, uwatie ndani.
3. Wape maganda ya mboga na matunda, kidogo kidogo. Usiwape nyama wala mafuta.
4. Funika debe, uliweke kivulini. Hakikisha udongo una unyevu.
5. Chunguza kila juma, kama Darwin, na uandike uliyoyaona.